Joto la Pikapu ya Gustave

Uvumi ulianzia kwenye saluni ya Marcelline, mtaa wa Troyeville, Johannesburg, Jumanne asubuhi, wanawake wakisukwa: pikapu ya Gustave haipati tena joto, joto limehamia kwa mwenye gari. Gaudence alikuwa amepeleka pale magauni mawili aliyoyashona. Alicheka na wenzake, akarudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani, lakini maneno yale hayakumtoka. Alishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Kwenye rafu ya jikoni kulikuwa na mfuniko wa rejeta ya pikapu hiyohiyo, na kila asubuhi alikuwa akiukaza kidogo.

Mfuniko alipewa hospitalini, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na blauzi ya binti yake. Yolande alikuwa dereva wa Gustave, akipeleka unga na mafuta kwenye spaza, viduka vya mtaani, huko Diepsloot. Pikapu ni ya dizeli, na wakati ule ilikuwa inachemka. Fundi Libère alishamwambia Gustave mbele ya watu: injini ikiwa baridi, ukiiwasha tu, mapovu yanatoka kwenye rejeta, na mpira wa juu wa maji unakuwa mgumu dakika hiyohiyo. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi imekufa, moshi unaingia kwenye maji. Gari lisitoke. Gustave alimjibu atoe tu thamostati, kile kifaa kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, kama walivyozoea kwao Uvira, halafu akapakia madumu manne ya maji nyuma.

Njiani mshale wa joto ulifika kwenye nyekundu. Yolande alisimama pembeni, akampigia Gustave simu.

"Fungua, tia maji, endelea," Gustave alisema. "Watu wanangoja unga."

Yolande alifungua kwa kitambaa. Maji yalimrukia usoni na shingoni.

Kanisani Gustave alisema binti aliufungua mfuniko kwa kujiamulia mwenyewe, wanawake magari hawayajui. Watu wakaamini. Tangu hapo hakuna aliyempa Yolande usukani.

Gaudence alitia maji ya bomba kwenye chupa ya jamu, akaweka mfuniko ule juu. Mfuniko wa rejeta haukai kwenye chupa ya jamu, lakini huu ulikaa. Akakaza.

Gustave alibadilisha gasketi, thamostati ikarudishwa, kisha akarudi kwa Libère na lalamiko jingine: injini haipati joto kabisa. Libère alianza na thamostati. Aliichemsha kwenye sufuria, akaona inafunguka inavyopaswa, akairudisha. Pampu ilisukuma maji. Mkanda wa feni ulikuwa mzima. Alidhani mshale unadanganya, basi baada ya safari ya Soweto kwenda na kurudi akaweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa baridi kama sakafu. Kiti cha dereva kilikuwa kimeyeyuka, kikabaki na umbo la mgongo wa Gustave.

"Papa Gustave, gari ni zima," Libère alisema. "Ukitaka niendelee kupima, vua shati."

"Ni mafua tu."

"Eish. Mafua hayachomi kiti."

Alimpima kwapani kwa kipimajoto cha injini. Nyuzi tisini na saba.

"Johannesburg iko juu," Libère alisema. "Maji ya huku huchemka kabla ya hapo, ila yakibanwa. Kuna mfuniko umekazwa mahali. Ule wa zamani uko wapi?"

Mfuniko ulikuwa umeondoka na Yolande hospitalini, basi mchana walikwenda kwa Gaudence. Gustave alikataa kuketi, asije akayachoma makochi. Mvuke ulikuwa ukimtoka kwenye kola.

"Mama Yolande, legeza," Gustave alisema.

"Sema ulichomwambia kwenye simu. Jumapili, mbele ya wote."

"Nikisema, nani atanipa mzigo tena?"

"Na yeye nani atampa gari?"

Libère aliitazama chupa. "Ukizidisha atapasuka, mama."

"Mtu hapasuki, fundi. Mtu hubabuka."

Yolande alikuwa dirishani, kitambaa kimemfunika mpaka kidevuni. Hakugeuka. "Robo tu, mama," alisema. Gaudence akakaza robo mzunguko. Vifungo vya shati la Gustave vikalainika na kuning'inia kama jibini. Gustave aliaga kwa heshima, akaondoka.

Mwezi wa sita baridi ilishuka na umeme ukakatika. Kanisa lao lina sakafu ya saruji na paa la mabati. Mchungaji alimhamishia Gustave kwenye benchi la katikati. Akina mama walimsogezea watoto wenye kikohozi, wengine wakamwekea birika kwenye mapaja wakati wa mahubiri. Walisema Ndugu Gustave ni baraka. Yolande alikaa mlangoni penye upepo, kwa sababu ngozi yake haivumilii joto.

Gaudence alipokaza, kanisa lilipata joto zaidi, na watu wakamshukuru Gustave. Siku moja alilegeza. Gustave akalala usingizi mzuri. Gaudence akakaza tena.

Mwezi wa saba Gustave alifanywa shemasi. Wiki hiyohiyo alinunua pikapu ya pili, kuukuu, inayochemka, akamwajiri Orpha aiendeshe. Orpha ni binti wa Victoire, na Victoire ndiye anayekaa karibu na Gustave kanisani kuliko wote. Gaudence alichukua karatasi aliyokatia kola, akamwandikia Victoire kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa shule ya msingi:

Orpha asifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.

Asiendelee mshale ukifika nyekundu.

Asimwagie injini ya moto maji ya baridi.

Asikubali gari lililotolewa thamostati.

Asiendeshe gari lenye mapovu kwenye rejeta, hata akiambiwa ni safari moja tu.

Asimtii mtu wa kwenye simu. Mtu wa kwenye simu yuko mbali na maji.

Wewe usikae karibu na Gustave kanisani, hata ukitetemeka.

Usiseme Yolande aliufungua kwa kujiamulia mwenyewe.