Sakafu Iliyoomba Maji

Sakafu ya wodi ya wazazi ilimwagwa Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye zahanati mpya nje kidogo ya Kibondo. Kesho yake Esteri alianza kazi aliyoajiriwa: kutandika magunia juu ya zege na kuyalowesha asubuhi, mchana na jioni, kwa siku saba. Siku ya tatu mkandarasi, Nurudini, alikuja na gari, akapakia mapipa yote ya maji kupeleka kwenye shughuli yake ya kufyatua matofali.

"Zege limeshakauka, Mama Rosa," alimwambia Esteri. "Utamwagilia jiwe mpaka lini?"

"Fundi alisema siku saba."

"Fundi hana matofali."

Kilikuwa kiangazi, na upepo ulikuwa mkavu. Siku ya nne sakafu ikaanza kunywa. Ilianza na chai ya fundi rangi, aliyeweka kikombe chini mara moja tu ajikune. Kisha ikanywa mchuzi wa maharage, maharage yenyewe ikayaacha. Mafundi wakazoea kula wamesimama. Siku ya tano ikasema kwa lugha ya huko, "Amazi."

Esteri akaenda mtoni, akarudi na ndoo, akamwaga. "Wakoze," sakafu ikashukuru, ikaomba tena. Mto ulikuwa mbali, na Esteri alikuwa na shingo moja. Safari ya nne akampigia simu Lusajo, mhandisi aliyehamishiwa huko kutoka Mbeya. Lusajo akaja, akachuchumaa, akatega sikio.

"Inasema nini?"

"Inaomba maji."

"Kiswahili haijui?"

"Mchanga wa hapa, kokoto za hapa. Ingejifunzia wapi?"

Esteri akakwangua kwa msumari. Vumbi likatoka laini kama unga wa muhogo.

"Mwanangu Rosa ana mimba ya miezi minane, mhandisi. Atajifungulia humu."

Lusajo akasema wasubiri majibu ya maabara. Siku ile ya kumwaga, vibonge sita vya zege hilohilo vilipelekwa Kasulu, vikalazwa kwenye tangi la maji siku ishirini na nane. Vilipotolewa vilikuwa vimenenepa mashavu. Mashine ya kuvipima ilihangaika navyo asubuhi nzima, na kimoja kikaiuliza kama imechoka. Majibu yakaandikwa: zege ni imara.

Siku ya kukabidhi jengo, Lusajo aliisoma karatasi hiyo mbele ya kamati. Alipomaliza, sakafu ikazungumza kwa kirefu, Esteri akatafsiri.

"Inasema, hao ni ndugu zangu, tumbo moja. Ila wao walilala majini, mimi nililala juani."

Kamati ilisikiliza kwa heshima. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine mwenye nyongeza. Hakuwepo. Kwenye nafasi ya maoni Lusajo akaandika, "Sakafu imesikilizwa," akapiga muhuri. Nurudini akagawa soda, na hakuna aliyeweka chupa chini.

Wiki iliyofuata Rosa akaletwa na mama yake, uchungu umekolea. Alipopanda kitandani, mguu mmoja wa kitanda ukadidimia kiasi cha kidole, na sakafu ikaomba radhi. Muuguzi, Theodosia, aliinama akatazama lile shimo.

"Shuka kidogo, mwanangu," alimwambia Rosa. "Mama, wewe shika huko miguuni."

Wakakinyanyua kitanda, wakakisogeza hatua mbili, pale ambapo palikuwa bado hapajadidimia.