Shingo ya Tela

"Kilo ishirini," alisema dereva, magoti yake yakiwa vumbini. Chini ya shingo ya tela, ile ncha inayoungana na pikapu, alikuwa ameweka mizani ya mkewe ya kujipimia uzito. "Haitoshi, kaka. Inatakiwa ifike sabini."

Kaka yake, fundi seremala, alicheka kichovu. "Sasa unataka tuinenepeshe?"

Tangu alfajiri wawili hao walikuwa wakihamisha karakana. Mwenye jengo alitaka funguo zake siku hiyo hiyo, na kila kilichomlisha fundi kilikuwa juu ya tela: mashine ya randa, mbao, na benchi la kazi la marehemu baba yao. Mashine aliisukuma mwenyewe mpaka nyuma kabisa. Alipenda kuiona pikapu imesimama vizuri, haijachuchumaa.

"Shingo ikiwa nyepesi, tela linacheza," dereva alisema. "Na mzigo umezidi. Kibandiko cha mlangoni mwa pikapu kinasema mwisho wa kuvuta ni kilo mia saba na hamsini. Hapa kuna mia tisa na ushei. Twende mara mbili."

"Mara mbili, kwa mgongo huu? Mdogo wangu, wewe mwoga tangu utotoni. Funga kamba."

Dereva akafunga. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ungekuwa nyuma yake yeye, na alijua uzito wake. Ila alikuwa hoi, na miaka hamsini ya kumwitikia kaka haivunjwi kwa asubuhi moja.

Kwenye mteremko wa pili usukani ukawa mwepesi mikononi mwake. Kiooni aliliona tela likienda kushoto, kisha kulia, kila mara likizidi, likiuvuta mkia wa pikapu.

"Breki! Piga breki!" kaka yake alipiga kelele kando yake.

Hakupiga. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani bila kupigana nao, akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe. Lori lililokuwa likipanda liliwapita kwa honi ndefu. Tela likatikisika mara mbili zaidi, likatulia.

Waliposimama kando ya barabara, fundi aliteremka, akashika ubavu wa tela kwa mikono yote miwili.

"Ningetuua," alisema.

"Usukani nilishika mimi." Sauti ya dereva ilitetemeka, na hakujali. "Benchi linashuka."

"La baba?"

"La baba. Mashine tunaivuta mpaka mbele kidogo ya magurudumu. Nikishusha mzigo, nalirudia benchi."

Alingoja kukatazwa. Fundi alilitazama benchi, akalitazama tela, kisha akaanza kufungua kamba.

Iliwachukua saa nzima. Waliliteremsha benchi nusu hatua kwa nusu hatua, wakiita majina ya watakatifu na mengine yasiyo ya watakatifu. Mashine waliiviringisha juu ya vipande vya bomba. Dereva akapiga jeki, akaitia mizani tena chini ya shingo. Sabini na mbili.

Walipoiunga, pikapu ikashuka kidogo nyuma.

"Imechuchumaa," fundi alisema.

"Acha ichuchumae. Si imebeba?"

Fundi aliguna, karibu acheke. Dereva alimfungulia mlango wa abiria, lakini kaka yake alitikisa kichwa.

"Nenda. Wanangu watakusaidia kushusha. Mimi siliachi benchi peke yake barabarani."

"Jua kali, kaka."

"Nimeliona. Nenda polepole."

Dereva akaondoka. Mikono ilimuuma, na safari ya pili ilikuwa bado inamngoja. Kiooni tela lilimfuata limenyooka. Nyuma yake, kando ya lami, kaka yake alikuwa amekaa juu ya benchi la baba yao, miguu ikining'inia bila kugusa chini.