Vivumbasi Katikati ya Maboga

Hilda, ambaye Kirua Vunjo nzima humwita Mama Stella, alichoka kuvuna mapepe. Misimu miwili alizeti zake za shamba la tambarare zilitoa vichwa vikubwa kama sinia, ndani hamna kitu. Nyuki hawakuwapo. Na wangefuata nini huko, vumbi? Basi akakata vichipukizi vya kivumbasi, kile kichaka cha porini kinachonukia na kuchanua hata jua likiwaka, akavipanda mstari mmoja ulionyooka kando ya shamba.

Hapo ndipo alipokosea, na Mchaga mzima alipaswa kujua. Huku ukipanda mstari pembeni mwa shamba, umetangaza mpaka.

Shemeji yake Ebenezeri, kaka mkubwa wa mumewe na mwenye shamba la jirani la maboga, alifika na jembe begani.

"Shikamoo, shemeji."

Hakuitikia. "Mama Stella, umeanza kunimega ardhi? Navingʼoa vyote."

Hilda akapiga hesabu haraka. Vivumbasi vikifa, alizeti za mwaka huu nazo ni kuni tu. Lakini kubishana na Ebenezeri ni kutwanga maji kwenye kinu.

"Ngʼoa, ila usitupe," alisema. "Kavipande katikati ya maboga yako. Huko nani atasema ni mpaka wangu? Nyuki watavuka wenyewe, wao hawana hati."

Ebenezeri alitafuta hila katika maneno hayo, akaikosa. Akavihamisha huku amenuna mpaka shimo la mwisho.

Jua lilipokuwa kali vivumbasi vikachanua, na nyuki wakaja, wakavuma shamba hadi shamba. Hilda alisimama katikati ya alizeti akicheka peke yake, haya hana. Kila kichwa alichokibonyeza kilikuwa kimejaa.

Siku ya mavuno Ebenezeri alipanda hadi kwa Hilda, jani la isale mkononi. Kwa Wachaga anayekuletea isale anaomba msamaha, na hukatai. Lakini mkubwa kumletea mke wa mdogo wake! Isack, mume wa Hilda, aliacha kukamua ngʼombe.

"Mama Stella, maboga yangu huoza yangali kama ngumi. Mwaka huu siwezi kuyabeba kwa ukubwa, kumbe yalikosa nyuki tu. Nilikufokea bure."

Hilda alilipokea jani kwa mikono miwili, akilia na kucheka. "Yamekwisha, shemeji. Karibu ukae."

"Sikai. Twende ukanionyeshe unapotaka mstari wa vivumbasi upite. Safari hii naupanda mimi."

Wakateremka wote watatu, Hilda mbele.