Kifungo cha Osmund Kinaanza Lini

Upole wa Osmund ulimchosha mkewe Vitalia kuliko kuchimba ngolo, yale mashimo ya kilimo, kwenye miteremko ya Mpepai. Osmund alikasirika mara moja tu maishani, ule mwaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia vijijini na mizani zao za ujanja. Alimpiga mmoja ngumi, jino likatoka. Akawekwa mahabusu, na kesi ikawa ya kuahirishwa: leo shahidi hayupo, kesho jalada halijafika. Karibu mwaka mzima ukakatika hivyo.

Siku alipokiri kosa, hakimu, mgeni kabisa katika kesi ile, alimuuliza kama ana lolote la kusema kabla ya adhabu. Osmund akafumbata mikono, akainamisha kichwa kama aliyepiga magoti kitubioni.

"Sina, mheshimiwa. Nashukuru."

Akapewa mwaka mmoja na nusu, ukihesabiwa kuanzia siku ile ile.

Vitalia alikwenda kwa karani wa mahakama kuuliza mbona ule mwaka wa mahabusu haukuhesabiwa. "Mama, mambo ya kifungo ulizia gerezani." Gerezani wakamwambia, "Sisi tunahesabu tulivyoandikiwa. Ulizia mahakamani." Akaenda, akarudi, akaenda tena, mpaka viatu vikaisha soli. Mwishowe askari magereza mmoja, Afande Kunigunda, akamhurumia: dawa ni rufaa, lakini mfungwa mwenyewe ndiye aweke dole gumba. Akamleta Osmund.

"Baba Ottilia, weka dole hapa," Vitalia akamwambia.

"La nini?"

"Rufaa. Ule mwaka wa mahabusu nao uhesabiwe."

Osmund akatikisa kichwa. "Mama Ottilia, nilimpiga mtu. Nimepewa malipizi yangu. Tangu lini mtu akapatana bei na padre?"

"Hakimu si padre!"

"Anakaa mbele, anasikiliza makosa, anasamehe au anafunga. Tofauti iko wapi?"

Afande Kunigunda akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Tofauti ni kwamba padre hakulazi sakafuni ukingoja zamu ya kuungama!" Vitalia alihisi kichwa kinapasuka. "Mwaka mzima chawa wanakunyonya damu! Mle ulikwenda harusini?"

"Nilikuwa nangoja tu kesi."

"Ungengojea nyumbani basi! Ottilia alipoanza kutembea ulikuwa wapi? Tulipomzika mama yako Kigonsera ulikuwa wapi?"

Hilo la mwisho Vitalia hakukusudia kulisema. Sauti yake ikashuka. "Hukutupa hata konzi la udongo, mume wangu. Kama hiyo haikuwa adhabu, ilikuwa nini?"

Osmund alilitazama dole lake kwa muda mrefu, kisha akalichovya kwenye wino.

Miezi ilipita kabla jaji hajaisikiliza rufaa, huko Songea. Vitalia alikaa benchi la nyuma, ameuma ncha ya kitenge. Jaji akauliza: mrufani ana la kusema?

"Mimi sina..." Osmund akaanza.

Vitalia akakohoa kwa nguvu hata polisi akamkazia macho. Mungu wangu, aliwaza, mtu huyu atanizika nikiwa hai.

"Sina ugomvi na adhabu, mheshimiwa," Osmund akaendelea polepole. "Nilikosa. Ila nilianza kuitumikia kabla sijapewa. Mama yangu alizikwa nikiwa mle ndani. Naomba na siku zile zihesabiwe."

Jaji alivua miwani, akafunua jalada nyuma, akafunua mbele. Kisha akaamuru kifungo kihesabiwe tangu siku aliyokamatwa. Kwa hesabu hiyo, Osmund alikuwa amekwisha kumaliza.

Nje, Vitalia alimkabili mumewe, mikono kiunoni. "Kumbe maneno hayo ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Tangu lini?"

"Tangu msiba wa mama."

Vitalia akampokonya kifurushi chake cha nguo, akatangulia kwa hatua kubwa kuelekea stendi, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka Osmund adhani amesamehewa mapema hivyo.