Mchanga wa Kuanika

Kila asubuhi alianika mchanga. Alitandaza turubai uani mwa karakana, akaumwaga, akaupapasa mpaka aridhike kwamba haushiki kiganja. Mafundi walimtania, "Mama Mchanga, leo unatupikia nini?" Naye aliwajibu kwamba anawapikia uhai, nao wanaula bila shukrani.

Ndani walichonga magnesi, metali nyepesi ambayo unga wake hushika moto kwa cheche moja. Moto huo ukiumwagia maji, unalipuka. Huzimwa kwa mchanga mkavu, na ndoo za mchanga zisipojaa mashine haziwashwi. Ndivyo meneja mwenyewe alivyomfundisha. Kwenye mashine ya kwanza alisimama mdogo wake Mama Mchanga, kitinda mimba wao, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Leo alikuta turubai tupu. Waashi walikuwa wameukomba mchanga wote, hata wa kwenye ndoo, kumalizia choo cha wageni wa ukaguzi, maana wageni hawawezi kujisaidia wanakojisaidia mafundi. Pembeni lori lilikuwa limemwaga mchanga mwingine, wa mtoni, bado unachuruzika maji.

"Jaza ndoo," meneja alisema.

"Bosi, huu umeloa. Nipe mpaka mchana, jua litaukausha."

"Wageni wako njiani. Wataziangalia ndoo, hawatatia mkono."

"Lakini si wewe uliyeniambia..."

"Najua nilichokuambia." Hakumtazama. "Jaza."

Alijaza. Kisha moyo ukakataa. Akazipindua ndoo zote huku meneja akimwangalia.

Meneja hakufoka. Alimwambia avue aproni aende zake, halafu akawageukia mafundi. Ndoo zisipojaa hakuna kazi, na asiyefanya kazi leo, kesho asije.

Mafundi walitazamana. Aliyeokota koleo alikuwa mdogo wake.

"Mchanga huo utakuua," alimwambia, machozi yakimlengalenga.

"Dada, niache. Nina watoto."

"Na mimi nina nani?"

Mdogo wake akachota mchanga. Aliijaza ndoo ya mashine yake pomoni, akausawazisha mchanga kwa kiganja kama alivyozoea kumwona dada yake akifanya, akajifuta tope kwenye suruali.

Mlinzi alimtoa dada mtu nje, akafunga geti. Alibaki amesimama ukutani, turubai kwapani. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Lingetosha kabisa. Ndani, mashine ya kwanza ikawashwa.