Maji ya Mejumaa

Tembo alikufa mara ya nne siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, mbele ya banda la mafunzo ya uokoaji pale Msambweni, na kilichomuua ni adabu zake.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu Alfani Mangi alikuwa amelipaka nili pipa tupu, nili hii hii ya buluu tunayofulia kanzu nyeupe, akawaambia wanafunzi wake kumi na wawili kwamba ndani mna dawa ya kupulizia pamba. Sumu hiyo si lazima uinywe. Ikikugusa tu, inapenya kwenye ngozi na kuingia mwilini. Atakayekutwa na alama ya nili zoezi likiisha, huyo ahesabiwe maiti. Tembo, kibarua wa barabara mwenye mabega ya kubebea magogo, siku hiyo alifanya kila kitu sawasawa. Alitazama vumbi linakopeperukia, akasimama upande upepo unakotoka. Alifunga kamba ya kuzuia watu. Akavaa glavu za mpira, akalisimamisha pipa, akafukia kwa mchanga pale palipomwagika. Kisha mzee Chande akapita zake akienda sokoni, akamnyoshea mkono.

Sasa niambie wewe, kijana wa Kidigo aliyelelewa akaleleka, atauacha mkono wa mzee ukining'inia hewani? Tembo alizichomoa glavu upesi upesi kwa vidole vitupu, akamwambia shikamoo, akaupokea mkono ule kwa mikono miwili na kuubusu. Adhuhuri ilipoingia nili ilikuwa kwenye ndevu za mzee Chande, kwenye vikombe vya muuza kahawa, kwenye mashavu ya wajukuu wawili, na kwenye mlango wa msikiti.

Mji mzima ulicheka. Vijana walishikana mbavu, Tembo mwenyewe akilazwa chini na kusomewa talakini ya mzaha. Alfani hakucheka. Aliandika katika daftari lake: maiti saba, na bado jioni haijafika.

Walipoketi kula, vijana walimkaribisha. Hawakuwa watovu wa heshima. "Karibu, mwalimu," wakasema wote, wakasogea kumpa nafasi kwenye sinia. Lakini kila alipokaa nao mazungumzo yalikatika, kila mmoja akatafuna wali wake akitazama chini, basi siku hizi alijibu "Bismillahi, kuleni" akaenda kula peke yake chumbani. Chumba chake kilikuwa nyuma ya banda, na ndani kilikuwa na kitanda kimoja na sufuria moja. Mtu anayepika kibaba kimoja cha mchele kila siku kwa miaka miwili huzoea, husema watu. Mimi nasema hazoei. Anajifunza tu kula haraka.

Vijana walinyamaza kwa sababu walilijua lile jambo la Majoreni, ambalo kila mtu kuanzia Vanga mpaka Ukunda alilijua.

Miaka miwili nyuma, uhuru ukiwa ungali mbichi, Alfani alikuwa zimamoto Mombasa, na alikuwa amekuja likizo kwa mkewe Mwanasha huko Majoreni. Mdogo wa Mwanasha, Mejumaa, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa akifanya kazi katika ghala la pamba la tajiri mmoja. Wazungu waliokuwa wakizijua habari za zile sumu walikuwa wameshaondoka na vitabu vyao, mapipa wakatuachia. Asubuhi moja pipa lilipasuka likammwagikia Mejumaa kuanzia kichwani. Wanaume wawili waliokimbia kumbeba walianguka hapo hapo wakitapika, na mmoja hakuamka tena. Ndipo Alfani alipofika mbio. Bandarini Mombasa alifundishwa juu ya sumu ile: usiguse, zuia watu, funga kamba. Akafunga kamba. Akasimama mbele yake na gongo mkononi, akawazuia watu wa Majoreni wote, na mama mkwe wake, na mkewe. Mejumaa alikata roho adhuhuri, upande wa pili wa kamba.

Hata hapo watu wangalimsamehe. Lisilosameheka lilikuja baadaye. Alfani alikataza maiti isioshwe. Alisema mikono itakayomwosha itakufa nayo. Wakabishana mpaka jua likapinda, na mwisho Bi Kadzo, mwoshaji wa maiti za wanawake, alizungusha kitambaa mkononi na kumtayamamisha kwa vumbi. Mejumaa akaenda kaburini bila tone la maji. Kwetu sisi maskini hukosa mengi, lakini maji ya mwisho hata asiye na mtu huyapata. Mwanasha hakupiga kelele. Alisubiri siku ya tatu ipite, akafunga nguo zake na kwenda kwa mama yake. Hakudai talaka wala hakurudi.

Kisa cha mkono wa mzee Chande, kwa jinsi kilivyochekesha, kilifika Majoreni kabla ya Ijumaa. Ijumaa yenyewe Bi Kadzo alikuja Msambweni hospitali kwa ajili ya macho yake, akapita bandani.

"Shikamoo, Bi Kadzo."

"Marahaba, mwanangu. Ile barua yako ya kutuita waoshaji imefika. Kesho nitakuja na wenzangu, in shaa Allah." Akajitengeneza ushungi kichwani, akasema kwa sauti ya chini, "Na Mwanasha atakuja. Amesikia habari ya nili. Jana akasema, huenda nilimdhulumu mume wangu."

Bi Kadzo alipoondoka Alfani alifagia chumba, akafagia tena. Alikwenda sokoni akanunua mkeka mpya, mto wa pili, na sahani ya pili yenye maua. Alfani alikuwa na furaha, furaha ya kumtia mtu aibu, na ilidumu mpaka alipofungua daftari kutazama somo la kesho.

Somo la kesho lilikuwa: kumwosha aliyemwagikiwa na sumu.

Hapa ndipo penye siri ya Alfani, na hakuna aliyeijua isipokuwa Mola wake. Mwaka uliopita serikali ilimpeleka Nairobi wiki sita kujifunza ualimu wa kazi hii. Wiki ya pili mkufunzi aliwaambia kwamba kamba na upepo ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni maji. Mwokoaji avae glavu, aproni na buti za mpira, amvue mgonjwa nguo, amwoshe kwa sabuni na maji mengi, tena upesi, kabla ya jambo lingine lolote, kwani kila dakika sumu inayobaki mwilini inaendelea kuingia. Na akiwa amekwisha kufa, ataoshwa vivyo hivyo bila kumdhuru mwoshaji. Wenzake waliandika. Alfani kalamu ilimtoka mkononi. Tangu siku ile alijua kwamba huko Majoreni alisimama na gongo lake akiilinda nusu ya somo, na jambo hilo hakumwambia mtu. Aliomba tu apangiwe kazi pwani ya kusini.

Kesho yake angeweza kufundisha upepo na kamba peke yake. Wanawake wangeiona nili, wangeshangaa, wangekwenda zao, na Mwanasha angebaki. Hakuna ambaye angemuuliza. Alikaa na daftari mapajani mpaka kalamu ya risasi ikamvunjikia mkononi, lakini ukurasa ule hakuufuta wala hakuuacha ulivyo, aliukunja pembe.

Jumamosi walikuja wanawake watano. Mwanasha alikuwa wa mwisho, amekonda kidogo, buibui lake limefubaa mabegani. Mkononi alikuwa na kikapu cha ukindu, na juu ya kikapu zilikunjwa leso mbili na nguo zake za nyumbani. Alfani aliziona.

"Hujambo, Alfani?"

"Sijambo. Karibu, Mwanasha."

Juu ya kitanda cha kamba alikuwa amelaza gunia lililojazwa makumbi ya nazi, likavalishwa leso, na nili ikapakwa juu yake palipoonekana na pasipoonekana. Chini yake Tembo alikuwa amechimba ufuo, ule mtaro wa kupokea maji ya maiti. Alfani alimwomba Bi Kadzo aoshe kama anavyoosha siku zote. Mama yule alikunja mikono ya kanzu, akachota maji kwa kata, akaanza polepole, akilipindua gunia kwa upole kama lina roho. Baada ya muda alijifuta jasho, akasogeza ushungi, akamshika mwenzake bega. Alfani akasema, "Basi, mama. Jitazame."

Bi Kadzo alikuwa buluu mpaka viwikoni. Nili ilikuwa kwenye paji la uso, mdomoni, na kwenye bega la jirani yake. Hakuna aliyecheka safari hii.

"Yaa Rabbi," akasema Mwanasha. "Ningalikuwa mimi. Ningalimwosha, na mama angalinisaidia, tungalikwenda wote." Akamtazama mumewe, na macho yalikuwa yale aliyokuwa akimtazama nayo zamani. "Na mimi miaka miwili nakulaani."

Kama ni kulifunga somo, wakati ulikuwa huo. Lakini Tembo, ambaye safari hii hakutaka kukosea hata kitu kimoja, alikuwa amesimama kando na ndoo zake, akauliza, "Mwalimu, nilete sabuni na glavu?"

Wanawake wakageuka kumtazama mwalimu. Nje lori lilipita likielekea Lunga Lunga, limebeba mapipa, turubai likipigapiga. Alfani alilisikiliza mpaka likapotea.

"Lete," akasema.

Akawafundisha. Hakuharakisha wala hakuruka kitu. Aproni kwanza, kisha buti, kisha glavu. Nguo ya mtu hukatwa kwa mkasi, haivuliwi kupitia kichwani isije ikampaka machoni. Sabuni ya mche, maji mengi, nywele, nyuma ya masikio, chini ya kucha. Ufuo uchimbwe mbali na kisima, ufukiwe. Glavu huvuliwa kwa kugeuzwa nje ndani. "Na kama bado anapumua," akasema, "usingoje gari. Hii ndiyo dawa yake ya kwanza." Bi Kadzo na wenzake wakaosha. Nili ikashuka na povu ikaingia ufuoni, gunia likatakata, na mikono yao ilipotoka kwenye glavu ilikuwa kama walivyokuja nayo.

Mwanasha hakuwa ameosha. Alikuwa amesimama na kikapu chake.

"Glavu hizi hupatikana wapi?"

"Hospitali. Hata siku ile zilikuwapo hospitali."

"Na sabuni?"

"Dukani."

"Kwa hivyo Mejumaa angaliweza kuoshwa."

"Angaliweza."

"Akiwa maiti."

Alfani angaliweza kunyamaza hapo. Alijua hivyo, na bado alijibu. "Akiwa maiti. Na kabla. Akiwa hai, Mwanasha. Mimi sikujua. Nilifundishwa nusu, na nusu hiyo nikaishikia gongo. Nimejua mwaka jana, nikakuficha."

Tembo aliinamisha kichwa. Bi Kadzo alisema "Laa ilaha illallah" na kukaa chini.

"Alikuwa akiita maji," akasema Mwanasha. "Tangu asubuhi. Tukadhani ana kiu."

"Nilimsikia."

Mwanasha aliweka kikapu chini. Alfani alidhani atampiga, na moyo wake ulitamani apigwe. Mwanasha alivaa aproni, akavaa buti zilizompwaya, akavaa glavu. Akamwambia Tembo alipake gunia nili upya. Akamwambia Alfani amwelekeze tena tangu mwanzo. Alfani alimwelekeza, na Mwanasha alifanya kila alichoambiwa, kichwa, masikio, kucha, upande wa kulia kisha wa kushoto, akisoma kimoyomoyo, machozi yakimtiririka na yeye asiyafute kwa sababu glavu zilikuwa mkononi. Aliosha muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza alizivua glavu kwa kuzigeuza nje ndani, sawasawa kabisa, akajifunika buibui na kukiinua kikapu chake.

"Bi Kadzo, twende. Basi litatuacha."

Kisha akamgeukia Alfani. Hasira haikuwapo usoni mwake, na hilo ndilo lililomvunja.

"Wanawake wa Majoreni ni wengi, na mapipa bado yako ghalani. Njoo utufundishe. Yote, si nusu. Darasani nitakuwapo, nitakaa mbele. Nyumbani kwako sitakuja tena."

"Jumatatu," akasema Alfani.

"Jumatatu," akajibu Mwanasha, na hivyo ndivyo walivyoagana, mume na mke.