Pipa la Viwanda vya Baraka

"Watu wa Baraka! Dunia ikiuliza maendeleo yanakaa wapi, mutaijibu: yanakaa hapa kwetu!"

Papa Isidore, mzee wa mafundi wa taa, alitangaza hayo akiwa juu ya sanduku la sabuni, kifua mbele, mkono mmoja ameunyoosha kuelekea ziwani. Angeendelea, ila nzi wa kijani, aliyetoka moja kwa moja kwenye rundo la matumbo ya samaki, alimwingia kinywani. Mheshimiwa akakohoa, akatema, akafuta ulimi kwa mkono wa shati. Hivyo ndivyo zama za viwanda zilivyofunguliwa.

Viwanda vyenyewe vilikuwa vibanda vya nyasi vilivyobanana ufukweni kama meno mabovu. Norbert, kijana wa miaka kumi na sita aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni ya mapadri, alivitazama huku ameziba pua. Kabla watu hawajaanza kuvua ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kwa taa za pampu, hapakuwa na kitu pale. Isidore alitangulia, akitengeneza vichomeo vya taa hizo. Akafuata Jacques, wa kuziba matangi ya taa kwa risasi ya kuyeyusha. Kisha wakaja wa Lweba na hata wa Lulimba, maana mvuvi mwenye taa mbovu hataki kuzunguka na taa yake kijiji kwa kijiji, na fundi aliyekosa koleo hapa alinyoosha mkono tu kwa jirani.

Shangazi yake Norbert, Mama Pulchérie, alitengeneza kitu kimoja tu: vikombe vidogo vya ngozi vinavyokaa ndani ya pampu na kubana hewa. Bila kikombe chake taa haiwaki. Bila mafundi wale, yeye hana wa kumuuzia. Ngozi aliletewa na Gakunzi, mfugaji wa milimani. Ili zilainike na kunyonyoka manyoya, zililazwa ndani ya pipa.

Ni vigumu kulitaja pipa hilo kwa heshima. Lilikuwa la mikojo. Kila asubuhi mafundi walipita mmoja mmoja nyuma ya ukuta wa mikeka na kutoa mchango wao kwa maendeleo. Mchango ukakaa juani mpaka ukawa na rangi ya chai nzito na utando juu, na harufu yake iliuma macho. Shangazi alizigeuza ngozi kwa mti, akazitoa kwa mikono, na kwa mikono ileile akamsongea Norbert ugali. Norbert, ambaye shuleni alinawa kwa sabuni kabla hata ya kusali, alimeza tonge bila kulitafuna.

Ndipo ikaja habari kwamba bwana wa serikali atashuka kutoka Fizi kuangalia mafundi. Taa zikiwaka vizuri, atawajengea banda la matofali na bati hapa Baraka. Zisipowaka, atalijenga Lweba, na mafundi watalifuata huko. Pulchérie, mwenye mguu mbovu na shamba la mihogo nyuma ya nyumba, angebaki na vikombe vyake peke yake.

Jumapili, watu wote wakiwa misani, Norbert alijisingizia kuumwa tumbo. Akalimwaga pipa, akalijaza maji ya ziwa, akatia maganda ya mti kwa ajili ya rangi. Tope la chini aliliacha, lihifadhi marashi. Kesho yake alijificha nyuma ya mikeka akawatazama wazee wenye ndevu wakiyachangia maji safi kwa uso wa ibada. Alicheka mpaka akauma shati lake.

"Ngozi ya safari hii iko nguvu," Pulchérie alilalamika, akiivuta kwa meno. "Ng'ombe wa Gakunzi alikuwa muzee kuliko bibi yangu."

"Labda alikuwa anasali sana, Shangazi, magoti yakakauka," Norbert akasema, na akajiona ana akili sana.

Bwana alifika na kitambaa cheupe puani. Isidore akapiga pampu mbele yake. Taa ikafanya psss, ikaona haya, ikazimika. Ya pili vilevile. Ya Jacques ilitema mafuta ya taa kwenye kiatu cha mgeni. Bwana akasema neno fupi, na karani wake akalitafsiri: "Anaenda kuona kiwanja cha banda kule Lweba. Jioni atapita tena hapa."

Gari lilipoondoka, vita vikaanza.

"Ni risasi yako, Jacques!"

"Risasi yangu? Vichomeo vyako vinapumua kama mbuzi mwenye kikohozi!"

Pulchérie akafungua pampu, akatoa kikombe. Kilikuwa kimepasuka, na manyoya ya ng'ombe bado yako juu yake. "Ni ngozi," akasema polepole.

Wote wakamgeukia Gakunzi, aliyekuwa ameketi juu ya mzigo mpya.

"We mutu wa milima, umetuletea ngozi ya mufu!" Isidore akafoka.

"Kila ngozi ni ya mufu, Papa Isidore. Ng'ombe hatoi yake akiwa muzima."

Isidore hakucheka. "Funga mizigo yako. Usirudi tena hapa!"

Gakunzi akainuka, akaanza kufunga kamba. Pulchérie akaushika mzigo ule kwa mikono miwili. Ngozi nyingine angeitoa wapi?

"Ngozi yake haina kosa!" Norbert akasikia mdomo wake ukisema.

"We mutoto, unajua aje?" Jacques akauliza.

"Kwa... kwa sayansi."

Pulchérie akamjia akichechemea. Akamshika mikono, akainusa: sabuni tupu. Akainama, akamvua kiatu kimoja cha shule, akakipeleka puani. Mwanamke yule, aliyeishi na pipa miaka yote, akakunja uso.

"Hii harufu mi naijua kuliko sauti ya bwana yangu. Viatu vya shule vilienda kwa pipa kufanya nini?"

"Nilienda kutoa mchango, Shangazi."

"Kwa viatu? Weye unakojoaga kwa vidole?"

Mafundi wakamzunguka. Norbert akatafuta uongo mwingine. Akamwona Gakunzi akikaza fundo la mwisho.

"Ni mi nililimwaga," akasema. "Siku ya misa. Nikaweka maji ya ziwa. Ngozi ya Papa Gakunzi iko muzuri, na Shangazi hakukosea kitu. Pipa lilikuwa linanichukiza, na nilitaka kucheka. Nilicheka sana. Munipige mi, lakini yeye musimufukuze."

Isidore akainama kumfungulia Gakunzi kamba za mzigo, na Pulchérie akamkabidhi Norbert mti wa kugeuzia ngozi.